Jando, Unyago na Mamlaka ya Malezi katika Masasi na Newala, 1876 hadi 1977

1.0 Utangulizi

Masasi na Newala zipo kusini mashariki mwa Tanzania, katika Mkoa wa Mtwara, kaskazini mwa Mto Ruvuma unaoitenganisha nchi na Msumbiji. Newala imekaa juu ya ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama anaiona nchi ya chini ikitandaa mpaka mtoni. Masasi ipo upande wa chini, katika tambarare yenye milima ya mawe iliyojitenga. Kwa muda mrefu maeneo haya mawili yamekaliwa na Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu wanaotofautiana kwa lugha lakini wanaokaribiana sana kwa desturi za ukoo, ndoa na malezi.

Waandishi wengi waliozungumzia utamaduni wa watu hawa wameanza na vitu vinavyoonekana: vinyago, chale za usoni, ndonya katika mdomo wa juu, ngoma. Vitu hivyo vina nafasi yake. Hata hivyo, ukivitazama kwa makini, vingi vinarudi kwenye jambo moja, yaani namna mtoto anavyofanywa kuwa mtu mzima. Kinyago huchongwa kwa ajili ya ngoma ya kuwatoa wali, na jina la utotoni huachwa kumbini. Kadhalika kijana hawezi kuoa, wala kuhesabiwa katika mazungumzo ya wakubwa, kabla ya kupita jandoni, na msichana hahesabiwi kuwa mwanamke kabla ya kuchezwa unyago.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba historia ya jando na unyago katika Masasi na Newala ni historia ya mamlaka. Swali lililoulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja lilikuwa: nani mwenye haki ya kumtoa mtoto utotoni? Walimu wa Kiislamu, wamisheni, serikali za kikoloni na serikali huru walilikuta swali hilo tayari lina majibu, na kila aliyetaka kumpata mtoto alilazimika kupita katika mlango wa jando. Desturi hizi hazikudumu kwa sababu hazikubadilika. Zilidumu kwa sababu wenyeji walishika uamuzi wa nini kibadilike na nini kibaki.

2.0 Nchi, Watu na Ukoo wa Kuukeni

Uwanda wa Makonde una mvua ya kutosha kwa kilimo, lakini udongo wake hunyonya maji na juu yake hakuna mito. Kabla ya miradi ya mabomba, wanawake wa Newala waliteremka genge kwenda kuchota maji katika mabonde na kupanda tena na mitungi kichwani. Simulizi ya asili ya Wamakonde inaeleza kwa nini watu walikubali taabu hiyo. Inasimuliwa kwamba mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake porini, alichonga sanamu ya mti, na usiku sanamu ile ikageuka mwanamke aliye hai. Walipokaa karibu na mto, mtoto wao wa kwanza alifariki. Walipokaa pengine penye maji, wa pili akafariki. Walipopanda juu ya uwanda, wa tatu akaishi. Simulizi hiyo inafunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba bonde ni mahali pa maradhi na hatari, na kwamba makazi mema hupimwa kwa uhai wa watoto.

Karne ya 19 iliithibitisha hofu ya mabonde kwa namna nyingine. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita katika nchi za Ruvuma kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani. Wayao na Wamakua walivuka mto kutoka kusini kwa sababu ya vita na njaa, na Wangoni, walioitwa Magwangwara, walishuka kutoka magharibi kuteka watu na mali. Vichaka vizito vya uwanda viliwapa Wamakonde kinga. Waliishi katika vijiji vidogo, kila kimoja na mkubwa wake, bila ya chifu mmoja wa Wamakonde wote. J. Gus Liebenow, katika utafiti wake wa mwaka 1971 kuhusu utawala wa kikoloni umakondeni, alionyesha kwamba mfumo huo wa madaraka madogo madogo uliwasumbua watawala, kwa kuwa walitafuta mtu mmoja wa kumwamuru na hawakumpata.

Jamii zote tatu zinafuata ukoo wa kuukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye sauti juu yake ni mjomba. Miongoni mwa Wayao, kundi la dada na watoto wao huitwa mbumba, na kaka mkubwa anayewaangalia ndiye mwenye mbumba. Heshima yake hupimwa kwa ukubwa wa kundi hilo. Miongoni mwa Wamakonde, ukoo huitwa litawa. Baba humlea mtoto, humlisha na kumpenda, lakini katika mambo mazito, kama vile ndoa, kesi, urithi na jando, neno la mjomba ndilo linalosubiriwa. J. A. R. Wembah-Rashid, aliyeandika mwaka 1975 kuhusu jamii za kuukeni za kusini mashariki, alizieleza jamii hizi kama eneo moja la kiutamaduni, licha ya tofauti za lugha.

3.0 Jando na Unyago kama Taasisi

Neno jando ni la Kiswahili, na limeenea kutoka pwani. Wayao walikuwa na lupanda, na Wamakonde waliita kambi ya wavulana likumbi. Kwa wasichana, neno la bara lililoenea ni chiputu, na unyago ni jina linaloeleweka na wote. Tofauti za majina zinaambatana na tofauti za taratibu, lakini mpango mkuu unafanana.

Jando lilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ghala zilipokuwa na chakula na nafaka ya pombe ikipatikana. Hakufungua jando kila aliyetaka. Lilifunguliwa na mwenye mji, na kupewa idhini ya kulifungua kulikuwa alama ya ukubwa. Kabla ya wavulana kuondoka, wazee waliwaomba wahenga. Miongoni mwa Wayao, unga wa sadaka uliwekwa chini ya mti wa msolo, ili waliotangulia wawapokee watoto na kuwalinda dhidi ya kisu. Usiku ulikesha kwa ngoma. Asubuhi wavulana walipelekwa porini, ngariba akafanya kazi yake, na kila mvulana akakabidhiwa kwa mlezi aliyemuuguza na kumfundisha.

Kumbini wali walifundishwa kwa nyimbo, mafumbo na adhabu. Walifundishwa kuheshimu wakubwa, kuzika wafu, kuishi na mke, kuvumilia njaa na maumivu, na kutunza siri. Nyumbani nako wazazi walishika miiko yao, kwa kuwa iliaminika kwamba utovu wa mzazi huchelewesha kidonda cha mwana. Vidonda vilipopona, kambi ilichomwa moto, na wali walinyolewa, wakaoshwa, wakapakwa mafuta na kuvikwa nguo mpya. Walirudi kijijini wakiwa na majina mapya, na kumwita mtu kwa jina lake la utotoni kuanzia siku hiyo lilikuwa tusi. Kwa Wamakonde, siku za kuwatoa wali ndizo zilizokuwa siku za midimu, ngoma ya vinyago. Wanawake na watoto walikimbia au kuimba mbele ya kinyago kama mzimu uliorudi, na siri ya aliyekivaa ilikuwa sehemu ya elimu ambayo wali walikuwa wameipata.

Unyago wa wasichana uliongozwa na wanawake peke yao. Nyakanga na makungwi walisimamia mafunzo, na kila mwali alikuwa na somo wake, mwanamke ambaye angebaki mshauri wake maishani. Mafunzo hayakuisha siku moja. Yaliendelea katika ndoa, na miongoni mwa Wayao mimba ya kwanza ilikuwa na sherehe yake, iliyoitwa litiwo. Hivyo unyago ulikuwa ngazi, na wanawake waliokwisha kuipanda ndio peke yao waliokuwa na haki ya kumpandisha mwingine.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na kamera ya picha za sinema na mashine ya kurekodi sauti. Alikaa Chingulungulu kwa chifu Matola wa Wayao, kisha Newala, na akaruhusiwa kuona baadhi ya sherehe za unyago. Kitabu chake cha mwaka 1908 ni ushahidi wenye thamani, lakini ni ushahidi wa mgeni aliyeona alichoonyeshwa. Ngoma ya hadhara aliiandika kwa urefu. Mafunzo ya ndani yalibaki kwa wenyewe. Mpaka huo kati ya kinachoonyeshwa na kisichoonyeshwa ni sehemu ya mamlaka inayozungumziwa hapa.

4.0 Uislamu na Jando la Pwani

Wageni wa kwanza kuingia katika mlango wa jando walikuwa Waislamu. Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara, na safari za pwani ziliwakutanisha na Waswahili, nguo, maandishi na dini. Uislamu ulipoanza kukubalika na wakuu wa Kiyao katika nusu ya pili ya karne ya 19, tohara ilikuwa daraja lililokwisha kujengwa. Lupanda ilikuwa na kisu chake na Uislamu ulikuwa na wa kwake. Kilichobadilika ni maombi na jina. Dua ikasomwa mahali penye maombi ya wahenga, mwalimu akakaa karibu na mwenye mji, na jando likawa njia ya kuingia katika umma wa Kiislamu bila ya mtu kuuacha ukoo wake.

Njia hii haikumnyang'anya mjomba nafasi yake. Mwalimu hakudai kuwa mwenye mtoto, alidai kumwombea. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na katika miongo iliyofuata, Uislamu ulienea sana juu ya uwanda na katika vijiji vya bara, na Wamakonde wengi wa Newala wakawa Waislamu. Sheria ya Kiislamu ya mirathi inafuata upande wa baba, lakini ukoo wa kuukeni uliendelea kuongoza maisha ya kila siku ya watu wengi. Jando lilikuwa mahali ambapo mifumo hiyo miwili ilikaa pamoja bila ya mmoja kuufukuza mwingine.

5.0 Misheni na Watu Wasio na Mjomba, 1876 hadi 1909

Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu ilianza Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoongoza kutoka Unguja kikundi cha watumwa walioachwa huru. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi za Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao, lakini safari iliishia Masasi, penye maji, ardhi nzuri na milima ya kujikinga. Chauncy Maples na William Percival Johnson waliungana na kituo hicho katika miaka iliyofuata mara tu baada ya kuanzishwa.

Kijiji hicho cha kwanza kilikuwa na hali isiyo ya kawaida katika nchi ya kuukeni. Wakazi wake walikuwa watu waliong'olewa katika koo zao. Walitoka makabila mbalimbali, na biashara ya utumwa ilikuwa imewatenga na wajomba, dada na makaburi ya wahenga. Mahali ambapo mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake, mtumwa aliyeachwa huru alikuwa mtu asiye na wa kumsemea. Misheni ilijikuta imeshika nafasi ya mjomba kabla ya kuelewa uzito wa cheo hicho: iliwapa watu ardhi, ikawaamulia kesi na kusimamia ndoa zao.

Septemba 1882 Magwangwara walivamia Masasi, wakaua na kuteka watu. Kituo kilivunjika, na kwa muda kazi ya misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Kiyao aliyewapokea wamisheni kama wageni wake. Tukio hilo liligeuza uhusiano. Masasi misheni ilikuwa mwenye mji. Newala ilikuwa mgeni wa mwenye mji. Waumini walioongezeka tangu hapo walikuwa hasa Wayao na Wamakua wa vijiji vya jirani, watu wenye koo zao, wajomba wao na majando yao.

Hapo ndipo swali lilipokuwa kali. Kijana aliyebatizwa angepitaje utotoni? Akizuiwa kwenda jandoni, aliitwa mtoto hata akiwa na ndevu. Wenzake walimdharau, na wazazi wa binti hawakumtaka. Akienda katika jando la wahenga, aliomba kwa waliokufa, jambo lililokatazwa na kanisa. Akienda katika jando la Kiislamu, huenda asingerudi tena kanisani. Wamisheni walikemea, wakaadhibu, na mara nyingine wakafumba macho. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji walipochoma kituo cha Masasi na wamisheni kukimbilia pwani, ilidhihirika zaidi kwamba kanisa la Masasi lingesimama kwa mizizi ya wenyeji au lisingesimama kabisa.

6.0 Jando la Kikristo

Vincent Lucas alifika Masasi mwaka 1909. Alikuwa Mwanglikana wa mrengo wa kikatoliki, aliyependa ibada yenye alama, maandamano na sakramenti, na kwa sababu hiyo hakuona ajabu kwamba jambo kubwa la maisha lifanywe kwa kukesha, kunyoa na kuvaa nguo mpya. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza jando la Kikristo lilikuwa limeanza katika eneo la Masasi. Lucas aliliandikia mwaka 1928, akilitetea kama mfano wa dini inayokuja kutimiza desturi njema na kuondoa mbaya. Wakati huo alikuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1926, na aliiongoza hadi mwaka 1944.

Katika jando hilo, kambi, ngariba, walezi, miiko na sherehe ya kutoa wali vilibaki. Vilivyobadilika ni maombi, nyimbo na baadhi ya mafunzo. Sala na alama za Kikristo vilichukua mahali pa sadaka kwa wahenga, padri akawa miongoni mwa wasimamizi, na nyimbo zilizoonekana kuwa chafu zikaondolewa. Wali walitoka kambini wakiandamana kwenda kanisani.

Kwa miaka mingi sifa ya mpango huu ilipewa Lucas peke yake. Terence Ranger, katika makala yake maarufu ya mwaka 1972, aliuchunguza kama mfano wa wamisheni kurekebisha taasisi za Kiafrika, na akaonyesha kwamba matokeo yake hayakuwa yale yaliyokusudiwa na wamisheni tu. Baadaye, mwaka 2008, Anne Marie Stoner-Eby aliirudia kesi hiyo na kusisitiza mchango wa makasisi Waafrika. Msisitizo huo unakubaliana na mazingira yenyewe. Mzungu hakuweza kujua peke yake kipi katika jando ni mfupa na kipi ni nyama. Walioweza kusema kwamba wimbo huu ukiondolewa jando litabaki jando, lakini kambi ikiondolewa halitabaki, ni watu waliopita humo wenyewe. Makasisi kama Kolumba Msigala walikuwa wana wa nchi, wenye koo na wapwa, na neno lao kwa wazee lilikuwa na uzito ambao hati ya askofu haikuwa nao.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilikazia jambo hilo. Wamisheni Waingereza walikamatwa na kuwekwa kizuizini na Wajerumani, na makasisi na walimu Waafrika ndio waliobaki na waumini. Mwaka 1917 mapigano makali yalifika kusini, na Novemba mwaka huo jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, likiacha nyuma njaa na maradhi. Wamisheni waliporudi, walilikuta kanisa lililokwisha kujiongoza.

Jando la Kikristo lilikuwa na wapinzani. Wamisheni Wabenediktini, waliokuwa Lukuledi tangu 1895 na kuanzisha Ndanda mwaka 1906, walichukua msimamo mkali zaidi dhidi ya sherehe hizi kwa muda mrefu. Wapo pia wazee waliouliza ni jando gani lisilowataja wahenga. Hata hivyo wazazi Wakristo walilikubali, kwa sababu liliwapa walichokihitaji: mtoto wao alikuwa mtu mzima mbele ya kanisa na mbele ya kijiji, siku ile ile na kwa kisu kile kile.

7.0 Kwa Nini Unyago Ulikuwa Mgumu Zaidi

Marekebisho ya unyago hayakwenda kama ya jando. Wamisheni walitaka kufanya kwa wasichana walichofanya kwa wavulana, lakini walikutana na ukinzani mkubwa. Sababu zipo katika ukoo wenyewe.

Kwanza, katika jamii ya kuukeni mvulana huoa nje na mara nyingi hukaa kwa wakwe, ilhali msichana ndiye anayeuendeleza ukoo. Watoto atakaowazaa ndio watu wa kesho wa mbumba. Kuruhusu mgeni ashiriki katika jando ni kushirikiana juu ya mtu mmoja. Kumruhusu ashike unyago ni kumkabidhi ukoo mzima.

Pili, mamlaka ya unyago yalitokana na kupita ngazi zake. Padri Mwafrika aliweza kuingia kumbini kwa kuwa alikuwa mwanamume aliyetahiriwa. Unyagoni hakuwa na nafasi kwa kuwa ni mwanamume. Wanawake wa misheni kutoka Ulaya, ambao wengi hawakuolewa wala kuzaa, machoni pa makungwi walikuwa bado wali. Haikuwezekana mtu ambaye hajachezwa amcheze mwingine. Hivyo mafunzo mengi ya unyago yaliendelea katika mikono ya wanawake wenyewe, wakati mwingine kwa siri, wakati mwingine yakifuatana na sala za kanisa bila ya kuchanganyika nazo. Wanawake ambao kumbukumbu za misheni zinawataja kwa nadra ndio waliolinda sehemu ya utamaduni iliyobadilika polepole kuliko zote.

8.0 Serikali, Shule na Vijiji

Wajerumani walitawala kwa maliwali na maakida, wengi wao wakiwa watu wa pwani. Waingereza, walioleta utawala wa kupitia wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, walitafuta machifu umakondeni na kukuta wakubwa wengi wa vijiji. Mamlaka ya jando hayakuhamia kwa kiongozi yeyote aliyeteuliwa na serikali. Mwenye mji aliendelea kufungua jando hata pale ambapo kodi ilikusanywa na mtu mwingine.

Shule ilikuwa mshindani wa kweli zaidi. Ilidai watoto wa umri ule ule, miezi ile ile, na ilikuwa na majina, adhabu, nyimbo na sare zake. Hospitali za misheni, kama Mkomaindo na Lulindi, zilileta dawa za vidonda na mtazamo mpya juu ya usafi wa kisu. Kilimo cha korosho, kilichopanuka katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kilileta fedha taslimu. Gharama za sherehe zikaanza kuhesabiwa kwa shilingi, na nguo za wali zikanunuliwa dukani.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, serikali iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963. Ngoma ya sindimba, iliyokuwa na asili katika sherehe za kusini, ilipandishwa jukwaani na kuchezwa shuleni na katika sherehe za kitaifa kama alama ya utamaduni wa Tanzania. Heshima hiyo ilikuwa na gharama: ngoma iliyokuwa na wakati wake, wachezaji wake na maana yake ya malezi ikawa burudani ya kila mtu. Wengine walijivunia, wengine waliona haya, na wengine walinung'unika kwamba ya ndani yametolewa nje.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta vijiji vya ujamaa, na Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika kuvianzisha, kwa kiasi fulani kwa sababu ya usalama wa mpakani wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Koo zilizokuwa na vijiji vyao ziliwekwa pamoja katika safu za nyumba. Mwenye mji akawa jirani wa wenye miji wengine, na juu yao wote akawekwa mwenyekiti wa kijiji. Mwaka 1977, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza kutekelezwa nchini, kalenda ya shule ilikuwa na nguvu kuliko kalenda ya mavuno. Majando yalisogea kwenye miezi ya likizo, Juni na Desemba. Muda wa kambi ukafupishwa. Na ili sherehe isigongane na masomo, watoto wakaanza kupelekwa wakiwa wadogo zaidi.

Badiliko hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mafunzo yaliyotungwa kwa ajili ya kijana anayekaribia kuoa yalianza kutolewa kwa mtoto ambaye bado ana miaka mingi ya shule mbele yake. Mwali aliyeambiwa kwamba sasa ni mwanamke alirudi darasani Januari kukaa kwenye dawati kama mtoto. Mgongano ambao baadaye ungelaumiwa juu ya unyago peke yake ulizaliwa pale ambapo mifumo miwili ya malezi ilipangiwa ratiba moja bila ya kuzungumzana.

9.0 Hitimisho

Historia hii inatoa mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba utamaduni wa watu wa Masasi na Newala haukuwa kitu kilichoganda kikisubiri kuvunjwa na wageni. Lupanda iligeuka jando, jando likapokea dua, kisha sala, kisha dawa ya hospitali, na katika kila hatua likabaki njia ya kumfanya mtoto kuwa mtu.

La pili ni kwamba mafanikio ya kila badiliko yalitegemea ushiriki wa wale waliokuwa na haki ya kufungua kumbi. Mwalimu wa Kiislamu alifanikiwa kwa kukaa karibu na mwenye mji. Jando la Kikristo lilifanikiwa kwa sababu makasisi waliokuwa wajomba na wapwa wa watu walizungumza na wazee. Unyago haukufuata njia hiyo kwa sababu waliotaka kuubadili hawakuwa na mahali pa kukaa miongoni mwa makungwi.

La tatu linahusu wakati uliofuata. Shule, zahanati na halmashauri zina hoja za haki zinapohofia umri mdogo wa wali, mimba za wanafunzi na usalama wa kisu. Lakini amri iliyotolewa bila ya nyakanga ina historia ndefu ya kushindwa katika nchi hii. Anayetaka mwali wa leo afundishwe jambo jingine, au afundishwe akiwa na umri mwingine, hana budi kwanza kwenda kubisha hodi kwa wanawake wanaomfundisha, na kukubali kwamba wao pia wana la kumfundisha yeye.